Sili Aliyefika Tandika

Mazin aliporudi Tandika baada ya miaka miwili ya kutojulikana alipo, alirudi na miwani ya jua ambayo hakuivua hata magharibi, viatu vya ngozi ya mamba ambaye hakuwahi kuwa mamba, na uongo wa kutosha kuwalisha watu wa mtaa mzima mpaka Idi.

Walikula. Mwanzoni mwa mwaka huo wa tisini na nane, mvua za El Nino zikiwa bado zinabomoa vyoo vya watu, maduka ya Tandika yalikuwa yamejaa kila kitu: sabuni za aina saba, televisheni, friji kuukuu kutoka Dubai, nguo za Wazungu waliokufa. Kilichokuwa kimebaki kuagizwa ni mtu. Basi Mazin akapokewa kama bidhaa. Watu walimzunguka pale kinyozi, wakamgusa koti, wakamwambia azungumze.

Akazungumza. Alikuwa afisa wa pili katika meli ya mizigo, Hamburg. Kapteni hakuwa akienda hata msalani bila kumuaga. Siku moja dhoruba iliwakamata, kapteni akalia kama mtoto, na Mazin ndiye aliyeshika usukani. Vijana walisema, "Noma, braza!" Wazee walisema, "Mashallah." Hakuna aliyekumbuka kwamba alipoondoka, Mazin alikuwa hajui kushika usukani wa baiskeli, na kwamba mama yake, Bi Zubeda, alilia wiki nzima akisema mwanawe amezamia meli bila pasi wala nauli, amejificha kama panya.

Bahiya alikumbuka. Lakini Bahiya hakuwa mtu wa kusema.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mpole kiasi kwamba wazee walimwitikia shikamoo yake kwa kumtazama midomo. Baba yake alikuwa amefariki, mama yake ameolewa Tanga, naye alilelewa na shangazi yake, Bi Khulud, dada wa baba. Alisoma chuo cha uvuvi miaka miwili, na katika miaka hiyo alinyoosha mkono darasani mara moja tu, kuomba ruhusa ya kutoka. Sasa alifanya kazi Kurasini, katika kampuni yenye vyumba vya baridi, akipima ubaridi wa maboksi ya kamba wanaopelekwa ng'ambo. Anachoma kipimajoto katikati ya boksi, anasubiri, anaandika. Kazi hiyo ilimfaa. Kamba waliogandishwa hawana maneno.

Jumapili moja alasiri sinia la posa lililetwa nyumbani kwa Bi Khulud, limefunikwa kanga mpya. Mshenga alikuwa Faraji kinyozi, mtu ambaye hakuwahi kunyamaza hata akiwa na wembe kwenye shingo ya mteja. Alifunua kanga kwa madaha. Kulikuwa na barua, udi, manukato, doti mbili, sanduku la tende. Na katikati, pale ambapo watu wengine huweka dhahabu, kulikuwa na kidude cha kijivu, kikubwa kama kopo la maziwa ya mtoto, chenye waya mmoja mgumu uliosimama kama unywele wa ndevu za paka.

"Dira ya satelaiti," Faraji alitangaza. "Kapteni alimkabidhi kwa mkono wake baada ya kuokoa meli. Temeke nzima iko moja tu."

"Wilaya nzima!" Bi Khulud alishika kifua. Kisha akakunja pua. "Mbona kama inanuka?"

"Ndiyo harufu ya Ulaya hiyo, bi mkubwa."

Bi Khulud akavuta tena, kwa heshima.

Jibu lilitakiwa Jumapili ifuatayo. Ami Talha, mdogo wake marehemu baba na walii wa Bahiya, angekuja kumuuliza mwari mbele ya pande zote mbili. Kwa desturi ya nyumba yao mwari huulizwa akiwa nyuma ya pazia, na akinyamaza, amekubali. Soni yake ndiyo idhini yake. Bi Khulud alipokumbuka hilo alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu, wewe hiyo si kazi. Umezaliwa umeshakubali."

Asubuhi ya Jumatatu, baada ya sala, Bahiya alikichukua kile kidude akakipeleka dirishani. Juu kilikuwa laini, kimepakwa utomvu mgumu kama kioo. Pembeni palikuwa na namba ya faksi, jina la chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, na maneno ya kuomba anayekiokota akirudishe. Akakigeuza. Chini, ndani ya gundi iliyokauka, yalikuwapo manyoya. Mafupi, ya rangi ya mchanga, yamelala upande mmoja. Na chini ya manyoya ilikuwapo ngozi, nene kama kidole, imekatwa kwa kisu pande zote nne, imekauka na kujikunja.

Alikijua. Chuoni, mwalimu wao Albano aliwahi kuwaonyesha picha ukutani: sili, mnyama wa bahari ya barafu, mwenye ndevu kama za paka na mwili kama magunia yaliyoshonwa pamoja, amebandikwa kidude kichwani. Darasa zima lilicheka. Albano akaeleza akiwa amekasirika. Upande wa Ncha ya Kusini, wakati wa baridi, bahari hufungwa na barafu, na hakuna meli inayoweza kuingia kupima maji. Lakini sili anaingia. Anazama mita elfu moja, anaibuka kuvuta pumzi, na kila anapoibuka kile kidude kinatuma angani habari za ubaridi wa maji na kina alichofika. Hakimuumizi. Kimebandikwa kwa gundi kwenye manyoya tu, na mwaka unaofuata, anapobadilisha manyoya, kinaanguka chenyewe.

Kinaanguka na manyoya, Bahiya aliwaza. Hakianguki na ngozi.

"Shangazi," alisema jikoni, "hii si dira."

"Na wewe dira umeziona wapi? Wewe unapima kamba."

Alipotoka kazini saa kumi alikikuta uani, ndani ya karai. Bi Khulud alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakichovya na kukitoa, anakichovya na kukitoa, kama anayefua soksi.

"Shangazi! Unafanya nini?"

"Nimekitia chumvi ya mawe. Inakata shombo, na kama kuna jicho la mtu nalo linatoka. Unadhani mtaa huu watu wanatutakia mema?" Akakizamisha tena, waya ukachungulia juu ya maji. "Ulaya yote imetoka, njoo unuse."

Bahiya alisimama akilitazama karai. Maji ya chumvi, kisha hewa. Maji ya chumvi, kisha hewa. Kama kile kidude kilikuwa na uhai wowote uliobaki, basi wakati ule kilikuwa kinaamini kwamba mwenyewe anapiga mbizi.

Jumanne aliwaandikia wenye chombo barua fupi, akaipeleka kwa meneja wao, Leodegar, aliyeilinda mashine ya faksi kama bibi harusi.

"Sista, faksi ni ya kamba," Leodegar alisema bila kuinua macho. Kisha akasoma. Kisha akaiinua ile karatasi ili ofisi nzima isikie. "Eti sili ana chombo kichwani kinazungumza na satelaiti! Jamani! Sie tumeomba laini ya simu tangu mwaka themanini na saba, kila siku njoo kesho, njoo kesho. Nguva wa barafuni kafungiwa yake kwenye utosi!"

"Na bili anatumiwa wapi?" karani mmoja aliuliza.

Walicheka mpaka wakapigana mabega. Bahiya alisimama pale amekunja mikono, masikio yanamuwaka. Hakuondoka. Leodegar akaituma ile faksi, si kwa wema, bali kwa sababu alitaka kuona kama wako wengine duniani wenye wazimu kama huo.

Jibu lilikuja Alhamisi, kurasa mbili. Leodegar alimkabidhi bila kuwasomea wenzake, akamtazama kidogo, akarudi mezani kwake.

Aliyeandika alikuwa mama mmoja mtaalamu. Alisema mnyama yule alikuwa jike, namba thelathini na moja. Walimbandika chombo mwezi wa pili mwaka uliopita, katika kisiwa kidogo mbali sana kusini, yeye na sili wenzake watano. Wale watano walikwenda upande ambao tayari unajulikana. Yeye peke yake ndiye aliyeingia chini ya barafu upande wa mashariki, akakaa miezi, akapima maji ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyapima. Alichotuma angani kilikuwa muhtasari tu, maana angani hapapiti maneno mengi. Mambo yote yenyewe, kila mbizi, yalikuwa yamehifadhiwa ndani ya chombo.

Mwezi wa kumi alirudi kisiwani kuzaa. Siku nne alikuwa pwani, hajasogea. Siku ya tano alianza kwenda kwa mwendo wa meli, kwa mstari ulionyooka, bila kupiga mbizi hata moja, mpaka bandari ya Port Louis. Halafu kimya. "Na Jumatatu hii," mama yule aliandika, "tulipokea kutoka kwake mbizi kumi na moja fupi mno, katika maji ya nyuzi ishirini na tisa, mahali ambapo ramani inaonyesha nyumba. Tulicheka, kisha hatukucheka tena. Tafadhali, binti, kitume kama kilivyo. Usikifungue. Usikisafishe."

Bahiya aliisoma barua hiyo akiwa ndani ya chumba cha baridi, koti limefungwa mpaka kidevuni, kati ya maboksi. Alipofika mahali palipoandikwa "kuzaa" alirudia.

Sasa tatizo lilikuwa hili, na alilijua vizuri. Kwa desturi, posa ikikubaliwa, vilivyomo ndani ya sinia ni mali ya mwari. Ikikataliwa, sinia linarudi na kila kilichokuja nalo. Akinyamaza Jumapili, Jumatatu kidude ni chake, anakwenda nacho posta. Akikataa, kinarudi kwa Mazin, kikaning'inizwe pale kinyozi mpaka mtu akipasue atafute zebaki ya kuuza. Alichotakiwa kufanya ili kuokoa miezi minane ya namba thelathini na moja ni kile ambacho amekifanya vizuri kuliko kitu chochote maishani mwake: kukaa kimya. Na pamoja na ukimya huo, amchukue Mazin, na miwani yake.

Alijaribu kujidanganya kwamba mtu anaweza kukubali posa, kisha akakataa ndoa. Akamfikiria Bi Khulud akitangaza mtaani, na Ami Talha akiita shehe, na nguo ya harusi ikikatwa. Akajua kwamba yeye akinyamaza mara moja, atanyamaza zote.

Jumapili walikuja. Wanaume walikaa sebuleni: Ami Talha katikati, amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, Faraji, na Mazin, ambaye kwa adabu hakupaswa kuwapo, lakini alikuja kwa sababu aliona hakuna sherehe inayoweza kukamilika bila yeye kuonekana. Ami Talha alikuwa mtu wa hukumu. Alikuwa na hukumu juu ya maziwa ya kopo, juu ya televisheni, juu ya mswaki wa plastiki. Kilichomsumbua maishani ni kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wanawake walikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Bi Zubeda, mama yake Mazin, alikuwa ameshakaa mkao wa mama mkwe. Bi Khulud alikuwa ameshalowesha midomo kwa vigelegele.

"Bahiya binti Matar," Ami Talha alisema mbele ya pazia, kwa sauti ya mtu anayesoma habari redioni. "Umeposwa na Mazin. Unaridhia?"

Kimya. Bi Khulud akavuta pumzi.

"Ami," Bahiya alisema, "nina swali."

Pumzi ya Bi Khulud ikatoka bila kigelegele, kama tairi.

"Mwari anauliza?" Ami Talha aligeuka kuwatazama wenzake.

"Muache aulize, ami," Mazin alicheka. "Wasomi hao. Uliza, mtoto mzuri."

"Mwezi wa kumi uliopita ulikuwa wapi?"

"Hamburg. Theluji mpaka hapa." Pazia halikumruhusu Bahiya kuona hapo ni wapi, lakini alisikia Faraji akisema "Duh!"

"Na Port Louis?"

"Hiyo sijawahi kuikanyaga."

"Kidude chako kimeikanyaga."

Akaifungua ile barua akaanza kuisoma, akiigeuza kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Bi Khulud alimfinya paja kwa nguvu zote. Akaendelea kusoma akifinywa. Alisoma habari za kisiwa, na za barafu, na za mwendo wa meli ulionyooka. Alipofika kwenye mbizi kumi na moja za Jumatatu, mkono wa Bi Khulud ulimwachia.

"Karai langu?" alinong'ona. "Karai langu limejulikana Ulaya?"

Sebuleni Faraji ndiye wa kwanza kupasuka. "Mazin! Yaani nguva kapiga simu kukusema?"

Mtu mwingine angenyamaza hapo, akaomba radhi, akaenda. Na kama angesema kwamba alizamia meli, akaishia kuvuta ndoana kwenye meli ya wavuvi wezi, mikono imepasuka kwa baridi, hajalipwa, anataka kwao, Bahiya angemuonea huruma, maana huruma kwake ilikuwa karibu kuliko maneno. Lakini Mazin aliona watu wanacheka, na kicheko ndicho chakula chake. Akavua miwani.

"Basi sikilizeni ukweli, maana ukweli ndio mtamu zaidi. Tulishuka kisiwani kuchota maji. Nikalikuta limejilaza, kubwa kama mapipa mawili. Halikimbii! Linakutazama tu, macho kama ng'ombe. Washikaji wakasema, wewe Mswahili huwezi. Mie nikachukua nondo. Moja, mbili, tatu! La nne likatulia. Nikachomoa kisu, nikakata dira yangu. Hamburg nzima hakuna mwanamume angefanya hivyo."

Faraji alicheka, lakini kidogo.

"Kulikuwa na mtoto?" Bahiya aliuliza nyuma ya pazia.

"Kalikuwepo. Keusi, kanalia kama mbuzi." Mazin akaiga, na aliiga vizuri. "Hako hatukukagusa. Hakakuwa na mashine."

Hapakuwa na aliyecheka sasa. Bi Zubeda alikuwa anatazama mkeka.

"Siridhii," Bahiya alisema. Halafu, kwa kuwa hakuwa na uhakika kama sauti ilitoka, akasema tena kwa nguvu zaidi kuliko alivyokusudia. "Ami, siridhii."

Mazin akasimama, akavaa miwani. "Poa. Wako wengi. Sinia langu, na dira yangu."

Bi Khulud, machozi yakimtoka, alianza kupanga vitu ndani ya sinia: udi, manukato, doti, tende, ambazo mbili tatu zilikuwa zimepungua. Akanyoosha mkono kuchukua kidude. Bahiya alikuwa amekishika. Na kabla mtu hajamzuia, alisukuma pazia, akatoka sebuleni mbele ya wanaume, kidude amekikumbatia ndani ya mtandio.

Kama angetoka bila nguo, wasingeshtuka zaidi.

"Shikamoo, ami," alisema.

"Mara... marahaba."

"Ami, nataka hukumu yako."

Ami Talha, ambaye alikuwa amefungua kinywa kumfokea, alikifunga. Akajiweka sawa kwenye kiti. "Sema."

"Mtu ameiba kitu. Akakitia kwenye sinia la posa. Posa ikakataliwa. Kile kitu kinarudi kwa nani?"

Haikuwa hukumu fupi. Ilianzia kwa ngamia, ikapita kwa mtende uliozaa upande wa jirani, ikawataja wanazuoni watatu ambao labda hata wao hawakujuana. Mazin alijaribu kuingilia mara mbili, na mara zote mbili Ami Talha aliinua kidole. Miaka thelathini alikuwa ameingoja siku hii, na hangekubali ikatwe na mtu wa miwani. Mwishowe akasema:

"Sinia hubeba cha mtu mwenyewe. Cha wizi hakijawahi kuwa zawadi, kwa hiyo hakirudishwi kama zawadi. Kinakwenda kwa mwenyewe, kama anajulikana."

Bahiya akageuza kidude, akamwonyesha lile jina. Ami Talha alilitazama kwa muda, akitikisa kichwa taratibu. Hakuwa anajua kusoma herufi hizo.

"Anajulikana," alisema.

Jumatatu kidude kilikwenda posta pamoja na ngozi yake na manyoya yake, kimefungwa ndani ya pamba na boksi la kamba. Mazin alibaki Tandika. Ndani ya wiki moja alikuwa na hadithi mpya, ambayo ndani yake yeye ndiye aliyekataa. Watu waliila hiyo pia. Lakini hadithi ya Bahiya ilikuwa tamu zaidi, maana kumcheka msichana hakuhitaji hata mtu awe amesafiri. Amemkataa mwanamume mzima kwa ajili ya mnyama! Wa baharini! Bi Khulud alikuwa hasemi naye, isipokuwa kumwambia chumvi iko wapi.

Jumamosi alikwenda bombani. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake wamekalia ndoo zao. Mwanaheri, muuza vitumbua, ambaye mdomo wake ulikuwa na mafuta mengi kuliko kikaango chake, alimuona kwa mbali.

"Mpisheni mke wa sili!" alipiga kelele. "Bibi, mumeo hajambo huko barafuni?"

Kicheko kikapita foleni nzima. Bahiya aliweka ndoo chini. Mwezi mmoja nyuma angegeuka akarudi nyumbani bila maji.

"Alikuwa jike," alisema. "Ameuawa akinyonyesha."

Kicheko kilikwisha vibaya, kimoja kimoja, cha mwisho kikiwa cha Mwanaheri mwenyewe, aliyekuwa na mtoto mgongoni. Bomba lilikuwa linamwagika bure juu ya ndoo iliyojaa.

"Zamu ya nani?" Bahiya aliuliza.